Ufa wa Injini Ndogo

Mwanamke ambaye Mzee Sengondo hakumjua aliingia karakanani kwake akiwa na matope hadi kiunoni. "Fundi, tuta la mto limekatika! Njoo na tingatinga ulizibe, wanangu wako bondeni!"

Mzee Sengondo aligeukia tingatinga. Injini ndogo ya kuliwashia tingatinga hilo kuukuu, ile inayozungusha injini kubwa hadi iwake, ilikuwa imepasuka ubavuni, na nyingine aliyoagiza haikuwa imefika.

"Litawaka, mama. Nakuahidi."

"Na huo ufa?"

"Nitauziba kwa mkono. Wewe vuta kamba ya kuiwashia, usinitazame usoni."

Injini ndogo ikanguruma. Dakika zilivyopita, maji ya kuipozea yalichemka, yakapenya kitambaa alichokandamiza kwenye ufa na kumbabua kiganja. Hakubandua mkono. Juu yake, bomba la moshi la injini kubwa likakohoa, likatoa wingu jeusi; tingatinga lilikuwa limewaka.