Swali Moja kwa Gari la Bwana Lyimo

Tangu sheria ilipoyakataza magari kumdanganya mtu aliyekaa ndani yake, kununua gari kumekuwa rahisi: unapanda, unauliza. Lakini mimi gari la mtumba linalong'aa namna ile siliamini hata likiapa.

"Umewahi kugongwa?" nililiuliza gari la Bwana Lyimo, aliyekuwa akiliuza. Yeye alisubiri nje. Mke wangu, Mwanaidi, alikaa nyuma akipapasa viti vya ngozi.

"Hapana," gari lilijibu kwa upole.

"Injini je, imewahi kufunguliwa? Mafuriko?"

"Hapana. Bwana Lyimo amenitunza kama yai."

Hapo ndipo nilipozidi kushuku. "Sasa mbona anakuuza kwa bei ya kutupa?"

"Mkewe ameanza kuniuliza maswali."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

"Maswali gani?" Mwanaidi aliuliza.

"Mumewe anakwenda wapi, na anampakia nani."

Kicheko kikanikauka. "Hili hatulitaki, Mama Nasra," nilisema, nikifungua mlango. "Rangi yenyewe imeshapauka."

Mwanaidi alijiegemeza vizuri kitini, akafunga mkanda.

"Mlipe mtu pesa yake, Baba Nasra," alisema. "Mimi nimelipenda."