Moyo wa Bibi Likizoni

Chuoni kwetu, kila anayesoma biokemia hupewa chembehai za moyo wa ndugu yake azitunze kwenye kisahani cha kioo mpaka ahitimu. Mimi nilipewa za Bibi Mwanahamisi, mama yake mama. Alicheka sana kusikia moyo wake umeanza chuo. Mwaka uliofuata tulimzika, lakini chembehai ziliendelea kudunda taratibu, kama mtu anayeota.

Likizo hii nimekuja nazo nyumbani Korogwe katika kisanduku chenye joto. Mama amekitandikia kanga mezani, karibu na chupa ya chai. Wadogo zangu wakiamka huinama juu ya kioo. "Shikamoo Bibi." Mama humjibia: "Marahaba." Kisha Mama naye humwamkia, na mimi ndiye huitikia, huku naona haya. Nikizilisha maji yake ya lishe yenye rangi ya waridi, Mama huuliza kama ameshiba.

Leo, akipepeta mchele, nimemwambia mtihani wa mwisho umekaribia.

"Ukifaulu, Bibi anakwenda wapi?"

Nimemweleza kanuni: kabla ya kuvikwa joho, mhitimu humwagia kisahani chake spiriti kwa mkono wake mwenyewe, chembehai zife.

Mama, aliyekaanga vitumbua miaka yote ili nihitimu, aliendelea kupepeta.

"Kwani, mwanangu, mtihani wenyewe ni mgumu?"

"Si sana, Mama. Nikisoma nitafaulu."

Ungo ukatulia mikononi mwake.

"Basi usisome," akasema polepole. "Njoo ukae na Bibi."