Misumari ya Dorinda

"Shoga, huna mume baharini, huna mtoto. Mbona kila Dorinda ikienda vitani unafunga na kusali siku tatu?"

Keziah Pell, jirani wa mlango wa pili, aliuliza hivyo miaka kumi na tisa iliyopita. Tabitha Munday akamjibu kwamba wanaume mia tatu wa manowari ile ni watoto wa watu. Haukuwa uongo. Haikuwa kweli yote.

Kweli yote aliiacha mumewe Reuben, fundi wa meli, siku anakata roho. Misumari ya shaba inayoshika mbavu za meli ni mirefu kama mkono wa mtu. Reuben aliikata, akapigilia vichwa vitupu ili mkaguzi avione, shaba iliyobaki akaiuza. "Arobaini, Tabby. Chini, kwenye maji. Mwaka tuliooana." Mwaka ule alikuwa akiijenga Dorinda. Hata kitanda alichofia kilitokana na shaba hiyo.

Tabitha hakumwambia mtu. Alifunga tu.

Keziah akaanza kufunga naye. "Corisande ilijengwa ubavuni mwa Dorinda, uwanja mmoja," alisema, "lakini hakuna aliyeiombea. Ikafumuka bahari imetulia kama maziwa, ikaondoka na mume wangu Jonas."

Dorinda ilipigwa mizinga huko Brest, Ufaransa, ikarudi. Ilivunjika mlingoti mkuu, ikarudi. Kila iliporudi, Tabitha alipiga magoti jikoni. Mpaka ikazeeka, ikavutwa kwenye matope ya mto, Rotherhithe, ivunjwe.

Alhamisi moja wanawake hao wawili wakinywa chai, mzee Oddy, mvunja meli, akabisha hodi na kitu kirefu kwenye gunia. Tabitha akainuka, macho kwenye gunia.

"Ukumbusho, Bi Tabitha. Tulikuwa kikosi kimoja cha mafundi na marehemu." Akatoa msumari wa shaba, mzima, toka kichwa hadi ncha.

"Na mingine?"

"Yote hivyo hivyo. Nimeing'oa mwenyewe, hadi wa mwisho."

Tabitha alicheka huku machozi yakimtiririka. "Na Reuben aliniambia alipigilia vichwa vitupu arobaini! Kumbe homa tu! Nimekonda bure, Keziah, Mungu asifiwe, bure!"

"Nawe kwa kukonda!" Keziah akacheka, akamshika mkono.

Oddy hakucheka. Alikuwa akizungusha kofia yake mikononi.

"Haikuwa homa, mama. Nilimwona akikata, nikanyamaza. Ila si kwenye Dorinda. Ile tuliiacha Pasaka ya mwaka ule, tukahamishiwa meli ya ubavuni mwake."

Keziah akauachia mkono wa Tabitha. Akakiweka kikombe mezani, taratibu, kisimwagike. Akachukua shali yake, akatoka.