Jivu Chini ya Migomba

Taa juu ya mlango wa Mwanakombo ilikuwa bado ya kijani. Kila nyumba mtaani ilikuwa na taa yake, iliyounganishwa na bomba la choo. Bomba likinusa kirusi cha tumbo, taa hugeuka nyekundu na mlango hujifunga wiki mbili. Aliyemo yumo, aliye nje yu nje.

Basi bintiye Siwema alipoanza kuhara alfajiri, Mwanakombo hakumpeleka chooni. Alimkalisha kwenye ndoo, akafunika kwa jivu, akaibeba hadi uani huku mgongo ukimuuma. Juzi aliyeugua alikuwa mama mkwe, kabla ya hapo Mwanakombo mwenyewe. Sasa mama mkwe yuko hoi kitandani, hata kulalamika hawezi.

Alipokuwa akifukia chini ya migomba, alisikia jembe jingine ng'ambo ya ua wa makuti.

"Mama Saumu, hamjambo huko?"

Jembe likasimama. "Hatujambo, mwenzangu. Na nyie?"

"Wazima kabisa."

Hakuna aliyeuliza zaidi. Majembe yakaendelea.

Aliporudi ndani, simu ilikuwa na ujumbe kutoka kwa wasimamizi wa mabomba: mtaa wao umetimiza siku mia bila ugonjwa, hongereni sana.

"Mama, kiu," Siwema aliita.

Mwanakombo akachota kikombe mtungini. Yalikuwa maji ya kisima cha mtaa, kile kilicho katikati ya nyua zao zote. Akabaki ameshika kikombe, akiitazama migomba kupitia mlango wa uani.

"Mama, maji!"