Waya wa Kuanikia Nguo

Katika karakana moja ya Kariobangi, kazi ya Nasambu ni kukagua magogo kabla hayajakatwa vipande vya kuwashia boila za viwanda, badala ya dizeli. Chuma kikipita, kisu cha mashine kinavunjika.

Gogo hili la mkaratusi lilikuwa limemeza waya. Chini ya waya kulikuwa na kipande cha sweta ya kijani.

Akakigusa. Alikuwa amekiweka yeye mwenyewe miaka iliyopita, ili waya wa kuanikia nguo usiukate mti mchanga. Mumewe ndiye aliyeipanda ile miti kwao Bungoma, aina ya kukua upesi, mwaka aliokufa. Juzi tu shemeji yake alimwambia kwa simu kwamba nyumbani kuko sawa, na kaburi la mumewe lina kivuli kizuri cha miti ile.

"Mathe, hiyo iko na chuma?" mwendesha mashine akauliza.

"Iko na waya."

"Toa basi, tumechelewa."

Akaung'oa kwa koleo. Nyuzi za kijani zikabaki kwenye gome. Akalisukuma gogo ndani, mashine ikanguruma.

Kisha akarudi kwenye rundo, akaanza kupapasa magogo mengine.

"Sasa unatafuta nini?"

"Kuna ingine humu," akasema. "Waya ya nguo hufungwa kwa miti mbili."