Kidole cha Yolanda

Kidole cha Yolanda, mkuu wetu, kilikuwa juu ya kitufe. Miaka minne hapa Tucson tumepima maumbo ya galaksi ili tuijue maada nyeusi, ile isiyoonekana lakini hupinda mwanga wa galaksi hizo. Kompyuta ilituficha jibu makusudi, tusije tukavuta hesabu kuelekea jibu tunalolitaka. Akibonyeza tu, linafunuka, na kwa sheria yetu hakuna kusahihisha tena.

“Bonyeza, bosi, donati zinakauka!” nikamchokoza. Wote wakacheka.

Ndipo nikaona kosa kwenye karatasi yangu: vipimo vya galaksi za anga la kusini nilivisahihisha mara mbili badala ya moja.

“Yolanda, toa kidole. Nimekosea hesabu.”

Ukucha wake mwekundu ulikuwa umebanduka rangi pembeni.

“Wewe na utani wako!” akasema, bado anacheka, na kidole kikashuka kwenye kitufe.