Ovaroli ya Marehemu

Maneno aliyoyasikia bombani, kwenye foleni ya maji, yalimganda mama kama ruba: kwamba sumu ya betri huonekana kwenye damu ya mtoto kabla mtoto mwenyewe hajaanza kuugua. Wenzake walimcheka. "Mwanao anaruka kama panzi, shoga. Ugonjwa unamtafutia wa nini?" Akampeleka kupimwa hivyo hivyo.

Sasa nesi alikuwa na karatasi ya majibu mkononi.

"Madini ya risasi, ile sumu ya betri, yamezidi kwenye damu yake, mama. Kwa macho huoni kitu, lakini tukiyaachia yatamharibia ubongo. Nyumbani kuna anayeyeyusha betri kuukuu?"

"Alikuwepo baba yake. Tumemzika mwaka jana."

"Basi hilo vumbi linatoka wapi?"

Akilini mama aliiona ile ovaroli ya kazi ya mumewe aliyokataa kuifua, harufu ya marehemu isije ikapotea. Kola imekakamaa, mifukoni vumbi la kijivu, laini kama unga. Kila usiku bintiye alipolala alimfunika nayo, kisha yeye mwenyewe akajilaza pembeni, mkono mtupu wa ovaroli ukiwa shavuni pake.

"Mama? Unanisikia?"

"Niazime kalamu, nesi mwanangu."

Akageuza karatasi, akaandika polepole, kwa herufi kubwa za shule ya msingi, abandike pale bombani:

Mtoto asifunikwe nguo za kazini.

Zisikung'utwe ndani.

Zisifuliwe pamoja na zake.

Kalamu ikasimama. Kisha akaongeza:

Zisitunzwe, hata za marehemu.